Nimehesabiwa haki: je, hela ya kikoba nirudishe?

Swali la msomaji: "Shalom, mtumishi. Niliokoka mwaka juzi. Kabla ya hapo nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, tuko wanawake 25 na hisa zetu ni sawa. Nilichukua kidogo kidogo mpaka zikafika Sh 500,000. Daftari nililiweka sawa, na mgawo wa Desemba kila mtu akapokea pungufu bila kujua. Nilitubu kwa machozi. Mhubiri mmoja aliniambia, 'Wewe sasa ni haki ya Mungu katika Kristo, ya kale yamepita, usiyafukue.' Mwingine anafundisha kwamba matendo yetu ya haki ni kama nguo chafu, kwa hiyo hata nikilipa hainiongezei kitu. Halafu nasoma Yakobo, naona mtu huhesabiwa haki kwa matendo. Haki ni nini hasa kwa Mkristo? Na hiyo hela, nirudishe?"

Jibu

Dada mpendwa, nianze na la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokukosesha usingizi. Ndiyo, rudisha. Rudisha yote, tena waziwazi mbele ya wenzako. Lakini usirudishe ili Mungu akuhesabie haki; rudisha kwa sababu ameshakuhesabia. Swali lako lote limelalia kwenye tofauti hiyo, na ili tuifikie inabidi kwanza tulifungue neno lenyewe.

Kwetu neno haki lina kazi nyingi. Kibarua aliyedhulumiwa ujira anadai haki yake. Mahakama inatenda haki. Mtu akitaka aaminiwe anaapa, "Haki ya Mungu!", akimaanisha kweli tupu. Watafsiri wa Biblia walilichukua neno hilo hilo wakalitwika na mzigo wa Kiebrania, tsedek na tsedaka, na wa Kigiriki, dikaiosune. Ndiyo maana ukisoma Warumi katika Union Version ya mwaka 1952 unakuta "kuhesabiwa haki", na ukifungua Habari Njema unakuta "kukubaliwa kuwa mwadilifu". Kigiriki chake ni kimoja. Hata ndani ya Union yenyewe neno halikubaki moja. Mathayo 5:6 inasema "njaa na kiu ya haki", kisha 6:1 inasema "msifanye wema wenu machoni pa watu", na hapo kwenye "wema" Kigiriki kina dikaiosune ile ile. Asiyejua hili hudhani Yesu amehamia mada nyingine. Tsedaka nayo si mgeni kwetu: mzizi wake, s-d-k, uko pia katika Kiarabu, na kwa njia hiyo tumepata sadaka na kusadiki.

Tuanze sokoni, maana Agano la Kale linaanzia huko. Walawi 19:36 inataka "mizani ya haki" na mawe ya haki. Jiwe la kupimia lina haki gani? Haki yake ni kuwa na uzito ule ule linaodai kuwa nao. Mfanyabiashara wa zamani alitembea na mawe yake mfukoni, na Kumbukumbu la Torati 25:13 inamkataza kuwa na mawe ya namna mbili, kubwa na dogo. Kubwa lilikuwa la kununulia, dogo la kuuzia. Sasa litazame lile daftari lako. Hesabu zake zilijumlishwa vizuri, mistari imenyooka, lakini lilisema Sh fulani ziko sandukuni na hazikuwemo. Hilo ndilo jiwe la pili mfukoni.

Ukurasa mmoja kabla ya hapo, Kumbukumbu la Torati 24:10-13, kuna mkopeshaji na maskini aliyeweka rehani nguo yake ya kujifunikia. Mkopeshaji haruhusiwi kuingia nyumbani kuichukua. Asimame nje, mwenyewe amletee. Jua likichwa airudishe, mwenye nguo apate kuilalia. Kurudisha huko, inasema, kutakuwa haki kwake mbele za Bwana. Ona haki imekaa wapi: kwenye shuka la mtu maskini, saa ya jua kuzama. Ni kuwa sawa na wajibu ulio nao kwa mtu uliyefungamana naye. Kwa kipimo hicho hata Yuda, katika Mwanzo 38, alilazimika kukiri kwamba Tamari, mkwewe aliyefiwa na mume, ana haki kuliko yeye. Si kwamba alichofanya Tamari kilikuwa safi, ila Yuda ndiye aliyemnyima Shela, mwanawe aliyemwahidi kuwa mumewe. Kikoba nacho ni fungamano la namna hiyo. Wale wanawake 24 walikukabidhi sanduku.

Kutoka sokoni neno linaingia barazani kwa mwamuzi. Watu wawili wana shauri. Kumbukumbu la Torati 25:1 inataka waamuzi wampe haki mwenye haki na kumtia hatiani mwovu. Hapa kumpa mtu haki si kumtengeneza tabia. Ni kutamka, mbele ya watu wote, kwamba huyu hana hatia. Ukiishika maana hii ya barazani, nusu ya Warumi inakufungukia.

Na hapo hapo utaona tatizo ambalo mahubiri mengi yanaliruka. Mithali 17:15 inasema mwamuzi anayempa haki mwenye hatia ni chukizo kwa Bwana. Kisha Paulo, Farisi aliyeyajua maandiko hayo tangu ujana, anaandika katika Warumi 4:5 kwamba Mungu "amhesabiaye haki asiyekuwa haki". Inakuwaje Mungu afanye lile lile alilolikataza? Jibu la Paulo limetangulia katika Warumi 3:25-26: hatia haikupuuzwa, imebebwa katika damu ya Kristo, ili Mungu awe mwenye haki na tena awe mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu. Anayehubiri msamaha bila msalaba anamfanya Mungu kuwa hakimu aliyehongwa kwa machozi. Machozi yako yalikuwa ya kweli, sina shaka, lakini hayakuwa malipo.

Neno "kuhesabu" lenyewe ni la watu wa vitabu vya fedha, na Paulo analirudia mara 11 katika sura ya 4 peke yake. Ukitaka kuona anavyolielewa, soma barua yake fupi kwa Filemoni. Mtumwa Onesimo ametoroka, huenda na mali ya bwana wake. Paulo hamwambii Filemoni ajifanye hakuna hasara. Anamwambia: kama anadaiwa kitu, kiandike kwangu, nitalipa, na mkono huu ni wangu. Deni limehama safu, halikufutwa kwa kufumba macho. Ndivyo 2 Wakorintho 5:21 inavyosema juu ya Kristo na sisi: asiyejua dhambi alifanywa dhambi kwa ajili yetu, ili sisi tupate kuwa haki ya Mungu katika yeye.

Kwa hiyo mhubiri wako wa kwanza alinukuu andiko la kweli, ila alilikata. Aya ya 17, "ya kale yamepita tazama! yamekuwa mapya", na ile ya 21 zimebanwa katikati na aya tatu zinazosema habari ya upatanisho, na kwamba tumepewa huduma ya upatanisho. Huwezi kulitumia fungu la upatanisho kuepuka kupatanishwa na wanawake uliowapunja. "Wewe ni haki ya Mungu" ni tamko juu ya mahali uliposimama ndani ya Kristo. Si hati ya kufuta madai ya jirani. Kristo alisimama mahali pako mbele ya Mungu. Mama anayeuza vitumbua ambaye mgawo wake ulipungua bado hajapata hela yake.

Wa pili naye alikosea kwa upande wake. Isaya 64:6, "matendo yetu yote ya haki yamekuwa kama nguo iliyotiwa unajisi", ni maombolezo ya taifa linaloungama kwamba hata ibada yake imeoza. Ni maneno ya mtu anayekataa kujitetea mbele za Mungu. Hayakusemwa kumzuia mwizi asirudishe. Nabii huyo huyo, sura ya 58, anaeleza mfungo ambao Mungu anautaka: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula. Matendo yako hayakununulii kibali, hiyo ni kweli kabisa. Kutoka hapo kwenda kusema matendo hayana kazi ni kuruka mto usio na daraja.

Yakobo sasa. Watu wengi humwona kama mpinzani wa Paulo, na kweli maneno yanagongana: Warumi 3:28 inasema bila matendo ya sheria, Yakobo 2:24 inasema kwa matendo, "si kwa imani peke yake". Fuata miaka ya Ibrahimu. Paulo anashika Mwanzo 15:6, Ibrahimu anamwamini Bwana na kuhesabiwa haki. Ishmaeli anazaliwa baadaye, katika sura ya 16, Ibrahimu akiwa na miaka 86. Tohara inakuja katika sura ya 17, akiwa na miaka 99. Kwa hiyo alihesabiwa haki si chini ya miaka 13 kabla ya kutahiriwa, na hiyo ndiyo hoja ya Paulo: Mungu hakusubiri alama ya mwilini. Yakobo anashika Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya kuni, mvulana aliyekwisha kuwa na nguvu za kuzibeba mlimani. Kisha anasema kwa tendo lile andiko la Mwanzo 15 lilitimizwa. Paulo anauliza mtu anaingiaje. Yakobo anamtazama mtu anayedai ameshaingia, ndugu yake yuko uchi na hana riziki ya siku, naye anamwambia "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba". Imani ya huyo, anasema, imekufa. Paulo angesaini hapo bila kusita. Ndiye aliyewaandikia Wagalatia kwamba kinachofaa ni imani itendayo kazi kwa upendo.

Makanisa yamebishana sana juu ya jambo hili, na ni vizuri ujue mpaka ulipo kwa sababu utasikia lugha tofauti kwa Wakatoliki na kwa Walutheri. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, akisoma Kilatini, alilielewa neno la kuhesabiwa haki kuwa ni kufanywa mwenye haki, yaani Mungu anaubadilisha moyo. Luther, aliyeanzisha matengenezo ya kanisa huko Ujerumani, katika dibaji ya maandishi yake ya Kilatini aliyoiandika mwaka 1545, alieleza jinsi alivyoyachukia maneno "haki ya Mungu" ya Warumi 1:17 akidhani ni ile haki ambayo Mungu anaadhibia, mpaka alipoona kuwa ni haki ambayo Mungu anampa anayeamini. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, likaliweka hilo katika kifungu cha 4. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ukajibu tarehe 13 Januari 1547: kuhesabiwa haki si kusamehewa tu, ni pia kutakaswa na kufanywa upya mtu wa ndani. Zaidi ya miaka 450 baadaye, tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo na si kwa stahili yoyote yetu, nasi tunapewa Roho Mtakatifu anayetufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya Kirefomati mwaka 2017. Tofauti zimebaki, lakini hakuna kanisa hata moja kati ya hayo litakalokuambia ubaki na hela ya watu.

Kwa maoni yangu mfano wa Calvin, mwanamatengenezo mwenzake Luther, ndio unaosaidia zaidi. Mwanga wa jua na joto lake havitengani kamwe, lakini hatusemi mwanga ndio unaotupasha joto. Kuhesabiwa haki na kutakaswa vinakuja pamoja kutoka kwa Kristo yule yule, na kila kimoja kina kazi yake. Ukivichanganya, kila siku utajipima kama umetosha, na siku ukianguka utadhani Mungu amekufukuza. Ukivitenganisha, utaishi na lile daftari kabatini huku unaimba kwaya.

Sasa hela. Torati ina utaratibu kamili kwa aliyekosa uaminifu katika amana, Walawi 6:1-7 na Hesabu 5:5-8: aungame, arudishe kwa ukamilifu, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenye mali, ndipo alete sadaka yake madhabahuni. Zingatia mpangilio: mwenye mali kwanza. Yesu anausema vile vile katika Mathayo 5:23-24, iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda kwanza. Zakayo, yule mtoza ushuru, alikwenda mbali zaidi, mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 inamtoza mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Na Yesu alikuwa ameshajialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajatoa hata senti.

Hesabu yako iko hivi. Sh 500,000 kwa watu 25, kila mmoja alipungukiwa Sh 20,000. Ukijitoa wewe, wenzako 24 wanakudai Sh 480,000. Sehemu ya tano ni Sh 96,000. Jumla Sh 576,000, yaani Sh 24,000 kwa kila mmoja. Wewe huko chini ya sheria za Israeli, na hiyo sehemu ya tano si kodi ya wokovu. Ila inafidia muda ambao hela yao ilikuwa mikononi mwako, na mimi ningeilipa. Kama huna zote, Sh 48,000 kwa mwezi zinamaliza deni kwa miezi 12. Nenda na ratiba iliyoandikwa pamoja na malipo ya mwezi wa kwanza mkononi. Ahadi tupu kutoka kwa aliyeiba haitamtuliza mtu.

Kuna njia za mkato tatu zitakazokujia kichwani. Ya kwanza ni kuipeleka kanisani kama sadaka. Usifanye, huwezi kumtolea Mungu mali ya mama vitumbua. Ya pili ni kuwarushia kwa simu kwa namba isiyojulikana, au kuwapa kama zawadi. Hela itarudi, lakini uongo utabaki kwenye daftari, na siku upungufu ukigundulika atashukiwa katibu au mshika funguo asiye na kosa. Ya tatu ni kulainisha maneno: "kulitokea upungufu", "hesabu zilinichanganya". Sema "nilichukua". Taja kiasi, miezi, na namna ulivyoliandika daftari, ili walisahihishe.

Usiende peke yako, na usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Mwone kwanza mwenyekiti, ukiwa na mchungaji wako au mama mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote. Toba haifuti sheria ya nchi: wizi wa amana ni kosa, na wanachama wakiamua kulipeleka mbele, Mungu hajakuacha. Kabla ya kikao zungumza na wakili au msaidizi wa kisheria ujue unachokabiliana nacho, na mkikubaliana malipo, makubaliano yaandikwe na kusainiwa na mashahidi. Pengine watakuvua uanachama. Pengine mmoja atakutukana mbele ya watoto wake. Usijitetee kwa andiko; "mimi nimeshasamehewa" ni kweli, lakini kikaoni, mbele ya uliowapunja, yatasikika kama dharau. Msamaha wao ni wao kuutoa, kwa muda wao. Kama kuna aliyehama, mtafute kwa namba aliyoacha. Kama kuna aliyefariki, fungu lake liende kwa watoto au ndugu. Hesabu 5:8 inataka apewe jamaa, na ni pale tu asipokuwepo jamaa ndipo malipo yanakuwa ya Bwana.

Kikao chenu kama ni Jumamosi, mfuate mwenyekiti Alhamisi jioni nyumbani kwake. Usimvizie asubuhi ya kikao. Mpe angalau siku moja ya kulitafakari kabla hajasimama mbele ya wengine.